Lori la Mama Semeni Lapanda Kitonga

Lori kuukuu la Mama Semeni lilikufa injini chini ya Mlima Kitonga, na vitunguu alivyopakia vilianza kunuka. Akatokea Kihwele, tajiri muuza malori, akiendesha jipya.

"Mama, utakarabati gofu hili mpaka lini? Nunua kama hili!"

"Hili lililojipaka wanja? Mlima huu haliuwezi, baba."

"Haliuwezi? Litapanda likiliburuta hilo lako!"

"Pamoja na vitunguu? Acha utani."

Kihwele akafunga cheni kwa hasira, akavuta, lori likanguruma mpaka juu, Ilula, penye soko na gereji.

"Umeona? Sasa unanunua?"

"Zuri kweli, baba," alisema Mama Semeni, akimkabidhi fundi ufunguo. "Hili langu likifa tena, nitakuita."