Kiboko na Debe la Oili

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa lori kuukuu, lenye honi ya kukohoa.

Basi sogeeni, nyasi zinatosha wote.

Hapo kale pori zima lilikuwa na lori moja tu, na lilikuwa la wote. Kila Jumatano lilipanda mlima kwenda kwenye magadi, wanyama wakalambe chumvi yake, ngurungu, ngurungu, ngurungu. Kanga juu ya paa, swala nyuma, Kobe kiti cha mbele kwa heshima ya umri wake. Wakati wa kuteremka waliimba. Raha ile, wanangu, mimi sijaiona tena.

Fundi wao alikuwa Bi Nguchiro, mdogo wa kupita chini ya injini bila kuinama. Kila asubuhi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya, akakitazama. Oili ikifika alama ya juu, basi.

Siku moja akaja Kiboko. Akaketi kwenye usukani, kiti kikalia kwichi, akatangaza kwamba tangu leo lori ni lake peke yake. Nani wa kumtoa? Wanyama wakaenda kwenye magadi kwa miguu. Kobe alitembea siku nne, na alipofika alikuwa amesahau alichofuata.

Lakini Kiboko alikuwa mzito, na mlimani lori lilimshinda. Akamwamuru Bi Nguchiro aiongezee injini nguvu. Bi Nguchiro akaleta debe zima la oili, akatia kikombe kimoja tu, akafunga kifuniko, kisha akalikumbatia debe kifuani.

"Mbona unaninyima?" Kiboko akauliza.

"Sikunyimi, Mzee. Imefika alama. Ikizidi, injini itakufa."

"Na hiyo iliyobaki?"

"Hii nitakaa nayo mimi."

Kiboko akacheka kwa pua. Mlafi akiambiwa inatosha, hudhani anaibiwa. Akampokonya debe, akamimina, glo, glo, glo, hadi tone la mwisho.

Lori likaondoka. Katikati ya mlima krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ikawa inaichapa ile oili iliyozidi kama mwiko unavyochapa mayai. Oili ikawa povu, na povu halilainishi chuma. Moshi wa buluu ukatoka, puu, puu. Sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, zikafumuka, oili ikamwagika njiani. Ngurungu, ngu, ngu... kimya. Kiboko akashuka, akaikanyaga oili, akateleza, akabingirika hadi mtoni. Mpaka leo mchana kutwa yumo majini. Nadhani anaona haya.

Wanyama wakaja. Bi Nguchiro akafungua nati ya chini, akamwaga oili yote, akabadili sili, akatia oili mpya hadi kwenye alama. Lori likanguruma, ingawa sauti yake haikuwa tena ile waliyoizoea. Ndani mlikuwa na kitu kikigonga, ti, ti, ti. Wakapanda hivyo hivyo.

Njiani Mama Kanga akamuuliza fundi, kwa sauti ya chini, alimdanganyaje Kiboko.

Bi Nguchiro akafuta mikono. "Nilimwambia ukweli mtupu," akasema. "Ila nilikumbatia debe."

Hadithi yangu nimeifunga kifuniko. Mwenye yake afungue. Na funzo? Uongo ni mbaya, wanangu, msiutumie kamwe. Ukweli unatosha kabisa kumwangusha mtu.