Fisi Alivyotafuta Dawa ya Kunyamazisha Wenye Kiu

Paukwa!
— Pakawa!
Nitoe nisitoe?
— Toa!
Nikisema uongo?
— Utatubu!
Na nikisema kweli?
— Utafungwa!
Basi bora nitubu. Sikilizeni.

Hapo kale, ng'ambo ya Bahari ya Shamu, kwenye nchi ya mchanga mtupu, palikuwa na kisima kimoja, na mwenyewe alikuwa Fisi. Aliyekitia maji ni Mungu, lakini Fisi alisema ni chake. Anakunywa Fisi, gudu-gudu-gudu. Wanakunywa mbwa wake walinzi, gudu-gudu-gudu. Wengine wote wanaramba tope.

Miongoni mwa waramba tope alikuwamo Bi Kalunguyeye, yule mnyama wa miiba asiyezidi ngumi mbili, na binti yake wa pekee, Afua. Tope likakauka. Ulimi wa Afua ukavimba hata akashindwa kuita "mama".

Siku moja Punda akaanguka mbele ya kisima, puu! Akafa na kiu, na maji anayaona. Hapo wanyama wakachoka. Wakaja swala, wakaja panya, wakaja mbuni, wakaja punda waliobaki: tu! tu! tu! "Maji! Twataka maji!" Siku ya kwanza, "Maji!" Siku ya pili, "Maji!" Siku ya tatu Fisi akaanza kuharisha.

Akamwita Bi Kalunguyeye faragha. "We mwanamke mdogo, hakuna akuonaye ukipita. Nenda kwa Mfalme Ngamia, nenda kwa Bwana Chui. Kwao nako walipiga kelele mwaka jana, leo kimya. Waulize dawa yake. Ukirudi nayo, mwanao atapata bakuli zima la maji."

"Na nikirudi mikono mitupu, bwana?"

"Mwanao si nakaa naye hapa?" Fisi akasema, akacheka.

Akenda, akenda, akenda, akamkuta Mfalme Ngamia kalala juu ya zulia.

"Shikamoo, baba mfalme. Raia wako uliwanyamazishaje?"

"Marahaba, binti. Mimi ufalme ni wa babu yangu, sina haraka. Waliposimama niliwaita wanangu, nikalia nao. Nikagawa tende, kila kinywa tende saba. Nikamfukuza waziri, nikaweka mwingine."

"Huyo mwingine ni nani?"

"Mdogo wake yule wa kwanza. Kinywa chenye tende hakipigi kelele, binti."

"Na tende zikiisha?"

Ngamia akafumba macho, akacheua.

Akenda, akenda, akafika kwa Bwana Chui. Njia nzima anakanyaga vitu vikavu, kra! kra! Kutazama, mifupa.

"Mimi sikurithi," Chui akasema. "Mimi nilichaguliwa. Mia kwa mia."

"Hakuna aliyekukataa?"

"Walikuwapo. Niliwala kabla ya kuhesabu kura. Na waliosimama baadaye niliwala vilevile. Unasikia kelele hapa?"

"Hapana, bwana. Nasikia upepo."

"Basi mwambie Fisi, dawa ni meno."

Bi Kalunguyeye alirudi akilia. Akajisemea: tende Fisi hana, meno anayo. Nikimpelekea neno la Chui, nimewaua wenzangu. Nisipompelekea neno, nimemuua Afua. Akawaza, akawaza, akatunga uongo. Ni dhambi, najua, lakini sisi tulioshiba maji ndio wepesi wa kuiona.

"Bwana, wote wawili wamenipa siri moja. Chini kabisa ya kisima kuna jicho la chemchemi. Mtawala akilinywea lile jicho kwa mdomo wake, kiti hakimponyoki. Ngamia kalinywea la kwake. Chui kalinywea la kwake."

"Na akilinywea mwingine?"

"Atatawala yeye."

"Ala! Nishusheni mimi! Peke yangu! Sasa hivi!"

Akaingia kwenye ndoo. Mbwa wakashika kamba wakamshusha, kriii, kriii. Raia wamejaa maelfu, tu! tu! tu! Bi Kalunguyeye akamsogelea mkubwa wa mbwa.

"Afande, mikono haikuumi?"

"Inaniuma, mama."

"Watazame hawa walivyo wengi. Utawang'ata wangapi kwa ajili ya mmoja? Ukiiachia hiyo kamba, kisima kitakuwa cha nani?"

Afande akawatazama raia. Akaitazama kamba. Hakujibu, wala Bi Kalunguyeye hakungoja jibu. Hapo ndipo alipokosea, maskini, na mimi ningekosea hapo hapo.

Afande akaachia. Chubwi!

Vigelegele! Mbwa wakabebwa mabegani. "Mbwa na sisi damu moja!" Bi Kalunguyeye akamchukua Afua wake, akanyakua bakuli, mbio mpaka kisimani.

"Taratibu, mama," Afande akasema, kashakaa ukingoni. "Kisima ni chenu, hongereni. Lakini kimeingia mzoga, kimenajisika. Mzoga tutautoa, kisha zitolewe ndoo arobaini, ndipo yatakate. Si ndivyo tulivyofundishwa? Nyie pumzikeni, sisi tutateka."

Raia wakaitikia, "Ndivyo." Hata Bi Kalunguyeye akaitikia, maana alikuwa mcha Mungu.

Ndoo ya kwanza ikatoka. Mbwa, gudu-gudu-gudu.

"Mbona mnakunywa?" Swala akauliza.

"Twaonja kama yametakata."

Na ulimi wa mbwa je, nao umetakata? Aliyewaza hivyo alimeza mate, kama alikuwa nayo.

Kesho yake: "Afande, mmefika ya ngapi?"

"Ya thelathini na nane, mama."

"Alhamdulillahi!"

Kesho kutwa: "Afande, ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

"Jana si ilikuwa thelathini na nane?"

"Jana mlishangilia, hesabu ikatupotea. Tumeanza upya."

Siku iliyofuata wakafika thelathini na tisa. Swala akakohoa. Afande akasema, "Haya, moja!"

Basi siku ya nne Bi Kalunguyeye alizunguka kwa kila mnyama, Afua kifuani, kidole mdomoni. "Shhh! Nyamazeni, jamani, msiwapoteze hesabu." Swala akitaka kusema, anamkemea. Kitoto cha panya kikilia, anakiziba mdomo. Jua likapanda. Nchi nzima kimya. Afua naye kimya, hatikisiki. Mama yake akamshukuru Mungu kwa mtoto mwenye adabu namna ile, maana mbwa walikuwa wamefika thelathini na saba.

Hadithi yangu imeishia kisimani. Lililo jema ndani yake ni la Mola. Lililo ovu ni langu, niombeeni.

Na funzo lake ni hili: mwenye kiu asipige kelele, atamkosesha mlinzi hesabu.