Mkandarasi Asiyelalamikiwa

Wapendwa, kaeni vizuri, na ninyi wa nyuma kabisa sogeeni mbele kidogo, maana leo nataka kuwapeleka ofisini. Kulikuwa na mama mmoja, mkuu wa manunuzi katika halmashauri fulani. Msiniulize ipi. Kazi yake ilikuwa kutafuta wakandarasi wa kujenga shule, zahanati na vitu vingine vya umma, na alikuwa mwaminifu hadi wenzake wakamwona mgumu.

Kitu kimoja kilimkera sana. Kila zabuni ikifunguliwa, wakubwa walianza: huyu namfahamu, ni mtu wetu, yule ana sifa mbaya. Sifa mbaya kwa nani? Hakuna aliyejua. Basi mama akaamua kwamba sifa ya mkandarasi isitoke tena midomoni mwa watu, itoke kwenye hesabu. Kila mmoja aanze na alama mia. Akichelewesha kazi, akatwe. Akishakabidhi jengo, kila taarifa ya kasoro itakayoletwa ofisini, akatwe tena. Kompyuta ijumlishe, na mwenye alama nyingi ndiye mwenye sifa njema.

Mhandisi wa halmashauri alipoelezwa, alicheka kwa furaha. "Mama, hii hesabu haitaki chai."

"Ndiyo raha yake," akajibu mama, na wiki ile nzima alikuwa akiingia ofisini anaimba.

Zabuni ya kwanza kupimwa kwa hesabu hiyo ilikuwa ya wodi ya wazazi katika kata moja. Akina mama mlio hapa mnajua maana yake. Katika kata ile wajawazito walikuwa wakijifungulia kwenye stoo ya dawa, pazia lenyewe shuka. Wodi ikijengwa ovyo, watakaonyeshewa ni wao na vichanga vyao. Matokeo yakatoka. Mkandarasi mmoja alikuwa na alama mia kamili, hajawahi kulalamikiwa. Wa mwisho kabisa alikuwa jamaa mmoja aliyekatwa alama mpaka unamwonea huruma.

Kabla ya kikao cha bodi ya zabuni, utaratibu ulitaka wakaone majengo ambayo waombaji walishajenga. Mama alitoka na mhandisi akiwa na amani tele, kama mtu anayefuata matokeo ya mtihani aliokwisha kufaulu. Wakaanza na shule iliyojengwa na yule wa alama mia.

Mwalimu mkuu aliwapokea kwa chai na mihogo, kisha akawaingiza darasani. Ufa ulikuwa umepanda ukutani kutoka dirishani hadi darini. Sakafu ilikuwa na viraka kila upande.

"Viraka hivi ameweka mkandarasi?" mama akauliza.

"Hapana, ni wazazi. Walichanga saruji."

"Na mkandarasi?"

"Mwanzoni tulimpigia simu, hapokei. Baadaye tukaacha."

"Sasa mwalimu, mbona hamkuleta malalamiko kwetu?"

Mwalimu mkuu akamtazama kwa upole. "Mama, tulalamike ili iweje? Mtu unamlalamikia ukiwa bado unamtegemea. Huyu tulishamkatia tamaa."

Mama hakumaliza chai yake. Wakaenda kwenye zahanati iliyojengwa na yule wa mwisho, na muuguzi wa pale, mama mcheshi kwelikweli, aliposikia jina la mkandarasi akaanza kucheka peke yake.

"Yule kaka wa watu namsumbua. Mlango ukikwama, naripoti. Kigae kikilegea, naripoti. Juzi niliripoti ufa, kumbe ni utando wa buibui."

"Akaja?"

"Atakosaje? Akapanda ngazi, akaupangusa, akanywa maji, akaondoka."

Wakarudi garini. Kisha mama akauliza, "Ule utando wa buibui, tulimkata alama?"

"Tulimkata," akasema mhandisi.

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Aliona aibu. Aliona pia hatari iliyokuwa mbele yake: kesho yake bodi ingekaa, na wale wajawazito wangekabidhiwa kwa mtu ambaye simu yake haipokelewi.

Akasimama mbele ya bodi akasema hesabu yake ina kosa, na akaomba zabuni itangazwe upya.

"Mama," mwenyekiti akamwonya, "watu watasema umehongwa."

"Waache waseme. Mimi nilihesabu kimya kuwa ni sifa, na kimya kile kilikuwa cha watu waliokata tamaa."

Hesabu hakuitupa, maana ilikuwa na faida yake. Aliirekebisha. Kasoro ikirekebishwa, mkandarasi hakatwi, na ofisi yenyewe inakwenda kukagua majengo bila kungoja kuitwa. Zabuni ikarudiwa, yule aliyekuwa wa mwisho akashinda, na wodi ikajengwa. Muuguzi wa wodi hiyo ameshalalamika kuhusu dirisha, dirisha limeshatengenezwa, na watoto wanazaliwa pakavu.

Wapendwa, mnadhani nazungumza habari za saruji?

Wewe baba unayetamba kwamba nyumbani kwako hakuna kelele, mkeo hasemi kitu, watoto hawadai kitu, umejipa alama mia. Umewahi kuuliza kama hiyo ni amani, au ni watu waliochoka kukupigia? Na wewe dada, mdogo wako alikuwa akikunung'unikia kila wiki, siku hizi yuko kimya, nawe ukashukuru kwamba amekua. Una hakika? Sisi tunapenda sana kutolalamikiwa. Hata mimi wazee wa kanisa wakinijia na madai yao huwa natafuta mlango wa nyuma. Lakini kila asubuhi tunamlilia Mungu, leo hiki, kesho kile, na tunamlilia kwa sababu tunajua anakuja.

Ibada ikiisha tutarudi majumbani. Ukikuta mtu anakuanza kabla hujavua viatu, usinune. Mkalishe, msikilize, furahi, huyo bado anakutegemea. Na yule aliyekuwa akikulalamikia kisha akanyamaza, usimsubiri akuite. Mfuate leo.