Ua la Msituni na Ndugu Zake wa Bustanini

Paukwa!
Pakawa!
Mlio karibu na moto, kunjeni miguu tuenee.

Hapo zamani za kale, huko milimani, mfalme aliitwa Zumbe. Bustanini mwake yalichanua maua ya rangi ya waridi, petali zimebanana kama kabichi. Msituni kulikuwa na ua la jamii hiyo hiyo, ila dogo, jembamba. Zumbe akatangaza: "La msituni ninalo, tena langu zuri zaidi. Kesho kutwa kateni msitu, nipanue bustani."

Mboza na mama yake waliishi humo msituni. Ukikatwa, hawana pa kulala. Basi Mboza akavunja tawi la ua lake, akaenda ikulu.

"Zumbe, haya si maua mamoja. Hesabu petali. Langu tano, lako hazihesabiki."

Kima, mtunza bustani, akapiga miayo. "Ni lile lile. Letu limeoga tu."

"Tazama nyuma. Langu lina mkia wa asali, kipepeo anaujua. Kwenu kipepeo hurudi na njaa."

"Ni lile lile. Letu limeoga tu."

"Basi Zumbe, inama ubonyeze kifuko hiki cha mbegu."

Zumbe akainama, akabonyeza. Paa! Kifuko kikapasuka, mbegu zikamrukia puani, mdomoni, ndevuni. Kima akaanza, "Ni lile..." Akauona uso wa bwana wake, akakumbuka ana magugu ya kung'oa.

Zumbe akapekua maua yake, shina hadi shina. Hakuona kifuko hata kimoja.

"Babu zako waliyatoa msituni," Mboza akasema, "wakayanenepesha hadi yakaacha kuzaa. Yakifa, mbegu utaomba wapi?"

"Nitafikiri," Zumbe akajibu, maana mfalme hasemi amekosea.

Akafikiri siku nzima. Usiku mvua ikanyesha, paa la ikulu likavuja, na asubuhi ndevu za Zumbe zilikuwa zimeota maua. Kunyoa ndevu za mfalme ni mwiko. Akikaa juani, maua yananyauka na kumwasha hadi analia. Akiingia msituni kivulini, yanatulia na kuchanua.

Zumbe akawanyang'anya watu wake mashoka yote kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu hapo kila asubuhi aliketi chini ya miti, na Mboza akaja na kibuyu cha maji.

"Inua kidevu, baba. Huku chini hakujalowa."

Zumbe akainua kidevu.

Ngano yangu imekomea hapo. Anayeona naongopa, akamshike Zumbe ndevu.