Kuni Mbili kwa Moja

Wahenga walituonya tusiutupe mkeka wetu uliochakaa eti kwa sababu tumemwona mtu akipita na msala mpya begani. Msala ule ni wake, naye anapita nao. Wewe utabaki umekaa sakafuni. Onyo hili linaeleweka hata kwa mtoto anayenyonya. Kwa bahati mbaya, shemeji wa fundi cherehani mmoja alikuwa ameacha kunyonya zamani.

Fundi huyo aliishi na mamamkwe wake na shemeji huyo, ndugu wa mumewe, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyopashwa joto na jiko la chuma la kuni. Mama alikuwa amelazwa hospitali wiki tatu kwa ugonjwa wa kifua. Sasa daktari alimruhusu arudi Jumamosi, kwa sharti kwamba nyumba iwe na joto na asivute moshi hata kidogo. Fundi hakutishika. Tangu kipupwe kilichopita alikuwa amepasua magogo kwa shoka, akazipanga kuni juu ya mbao zisiguse ardhi, akaacha nafasi upepo upite katikati, akafunika juu tu. Kila mwezi alizigeuza. Mwaka mzima! Sasa zilikuwa za kijivu, zimepasuka ncha kama visigino vya mkulima, na ukigonganisha mbili zinalia ko!

Ijumaa alikwenda kupeleka sare alizoshona. Aliporudi alimkuta shemeji yake, aliyebandikwa jina la Kisasa kwa kupenda kila kilicho kipya, amesimama kifua mbele kando ya rundo la kuni nyeupe zilizonukia utomvu.

"Shemeji, nishukuru!" alisema Kisasa. "Muuza kuni alipita na lori. Nimempa zile kuukuu zako, akanipa mpya. Mbili kwa moja!"

Fundi aliokota mbili akazigonganisha. Pu!

"Shemeji, hizi ni mbichi."

"Mpya."

"Mbichi! Zimejaa maji!"

"Ah, mambo ya kizee hayo. Kuni ni kuni."

"Na hukumuuliza kwa nini alizitaka kuukuu?"

"Alisema ananihurumia."

Fundi alipandwa na mori. Alimpigia simu muuza kuni, naye akacheka bila haya. "Zile zimekwisha, mama. Zimegombewa kabla sijafika sokoni. Halafu ndugu yenu mwenyewe ndiye aliyenisaidia kupakia!" Fundi akazunguka kwa majirani, lakini kipupwe kilikuwa kimebana, na hakuna aliyekuwa na kuni kavu za kugawa. Mwaka mzima wa jasho lake ulikuwa umeondoka kwa lori, tena kwa kupungiwa mkono!

Jumamosi Kisasa alipiga magoti mbele ya jiko tangu asubuhi. Kuni zilifoka, zikatoa povu kwenye ncha, zikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Alipuliza mpaka mashavu yakamvimba kama chura. "Zitashika tu," alisema, huku moshi ukijaa sebuleni na machozi yakimtiririka. Fundi alifungua madirisha yote. Moshi ukatoka kidogo. Baridi ikaingia yote.

Teksi ilisimama mlangoni. Mama alishuka taratibu akitabasamu, kwani kwa wiki tatu alikuwa ameota kitanda chake tu. Alikanyaga kizingiti, akavuta pumzi moja, akashikwa na kikohozi kilichomkunja mpaka magoti. Fundi alimdaka. Dereva hakuwa amezima hata injini.

"Turudi hospitali," Mama alinong'ona. Alipokaa tena garini, alimtazama mwanawe aliyesimama na uso wa masizi. "Mwanangu, hata mablanketi ya wodini ni kuukuu. Lakini yana joto."

Teksi iliondoka. Kisasa alitafuta pa kuficha uso asipate.

"Shemeji, nifanye nini?"

"Zitoe nje uzipange," fundi alimjibu kwa sauti iliyotetemeka kwa hasira. "Juu ya mbao, na nafasi katikati. Kila mwezi uzigeuze. Baada ya mwaka zitakuwa kama zile ulizogawa."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima! Na Mama akiuliza atarudi lini kwake, utamjibu wewe."

Kisasa aliinama akaanza kubeba, ukuni mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mzito kama jiwe. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.