Nguchiro Aliyekataa Kutoka Kaburini

Hapo zamani za kale, na wewe uliyelala kule nyuma amka, maana sina desturi ya kurudia, wanyama walikuwa na nyumba na majiko kama sisi. Walioana, wakazikana na kusengenyana. Mfalme wao alikuwa Simba.

Babu yake Simba huyo alikuwa na watumwa. Aliwafunga kamba shingoni wakamlimia. Wanyama wakapiga kelele miaka na miaka mpaka utumwa ukafutwa, na ngoma zikapigwa. Kisha baba yake Simba akayachukua magogo waliyoyabeba watumwa, akayajengea zizi, akatangaza, "Hili si la watumwa. Hili ni la wakosaji." Haya. Lakini kila palizi ikikaribia, wakosaji waliongezeka ajabu, na shamba walilopalilia lilikuwa lilelile.

Sasa, alikuwepo Nguchiro, mwembamba kama soksi, na mdomo wake haukujua likizo. Mama yake mzee alikuwa zizini. Kosa lake? Alikohoa Mfalme akiwa amelala. Alikuwa amepalilia misimu miwili na kikohozi kinazidi, na Nguchiro alijua kabisa kwamba wa tatu hataumaliza. Kila asubuhi alimpenyezea uji katikati ya magogo, kisha akarudi nyumbani analia.

"Fisi," alimwuliza mlinzi wa zizi, "mama yangu atatoka lini?"

"Akiacha kukohoa."

"Na vumbi lote hilo, na baridi hiyo, ataachaje?"

"Hayo siyajui. Mimi ni wa mlango tu."

Siku moja baba yake Simba, aliyekwisha kumwachia mwanawe ufalme kwa uzee, akafariki. Hapa sikilizeni vizuri. Ukoo wa nguchiro na ukoo wa simba walikuwa watani. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakapatana, na tangu hapo mtani hakasirikiwi. Msibani ndiyo kabisa. Mtani anaweza kuiga mwendo wa marehemu, akaficha majembe ya wachimbaji, hata akaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Ukimkasirikia, umemvunjia heshima maiti wako mwenyewe. Alipokufa bibi yake Simba, Nguchiro aliomba yai moja. Alipokufa shangazi, aliomba mawili. Akapewa, akatoka, watu wakacheka, wakazika.

Basi jeneza likafika makaburini, jua la saa saba linachoma. Nguchiro akaja anakokota mguu kama marehemu, anafokea nzi kama marehemu. Hata mjane alicheka huku machozi yanamtoka. Mara puu! Nguchiro amejitupa kaburini, kalala chali.

"Mtani," alisema Simba, "leo jua kali. Toka."

"Sitoki. Huku kuna ubaridi, kumenifaa."

"Basi sema unachotaka. Wote hawa wanasikia, utapewa chochote." Akamgeukia Fisi. "Kalete mayai."

"Mayai kuleni wenyewe," alisema Nguchiro. "Nataka zizi lifunguliwe."

Fisi akaruka amvute mkia, lakini mjane akanguruma, "Mguse uone. Utani ni utani."

Simba akamrudisha Fisi nyuma kwa mkono. "Sawa, mtani. Mchukue mama yako, tumalize."

Moyo wa Nguchiro ukamruka. Nawaambieni ukweli, alitaka kukubali, na miguu ilishaanza kupanda. Lakini upepo ukaleta kikohozi kutoka zizini, na hakikuwa cha mama yake. Kilikuwa cha mama wa mtu mwingine. Akarudi kulala.

"Wote," akasema.

"Wote?" Fisi akadakia. "Na Ngedere aliyeiba mahindi ya Kanga je? Naye tumwachie azurure?"

"Kanga upo?" Nguchiro aliita kutoka shimoni. "Tangu Ngedere afungwe, mahindi yako yamerudi?"

"Hata punje," alisema Kanga. "Yeye anamlimia Mfalme. Shamba langu limejaa magugu mpaka kizingitini."

"Akitoka, unataka afanye nini?"

"Aje alime palepale alipoiba. Na nitamsimamia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu."

Watu wakacheka, maana mdomo wa Kanga walikuwa wanaujua.

"Mwanangu," alisema mjane, "baba yako yuko juani, na wewe unabishana na shimo."

Simba akainamisha kichwa. "Fisi, kafungue."

Wakatoka mmoja mmoja, wanapepesa macho. Mama yake Nguchiro alitoka ameshikiliwa na Ngedere.

"Haya, umepata," alisema Simba. "Toka sasa."

"Bado."

"Bado nini tena, mtani?"

"Mlango ukifunguliwa, hufungwa. Kesho kutwa ni palizi, na Fisi ana masikio makali. Hebu niambie, marehemu mtamfunika na nini kabla ya udongo?"

Wachimbaji wakaonyesha fito walizokata asubuhi.

"Vijiti hivyo? Kwa mfalme mkubwa vile?" Nguchiro akasikitika sana, kichwa kinatikisika. "Mzee aliyapenda magogo ya lile zizi kuliko wanawe. Mpeni aende nayo."

"Hilo ni kweli," alisema mjane. "Alikuwa akiyapapasa kila jioni. Mimi hakuwahi kunipapasa hivyo."

Chochote ni chochote, na Simba alikwisha kukisema mbele ya watu. Akapunga mkono. Waliofungwa ndio waliokwenda kuyang'oa, na hawakuambiwa mara mbili. Kra! Kra! Gogo moja baada ya jingine. Nguchiro akatoka kaburini amejaa udongo, akaenda moja kwa moja akamkumbatia mama yake. Jeneza likashushwa, magogo yote ya zizi yakapangwa juu yake, udongo ukajazwa mpaka ukawa kilima. Watu wakapeana pole wakaondoka.

Fisi akabaki, akamnong'oneza Simba. "Mfalme, tuyafukue?"

"Nifukue kaburi la baba yangu?"

"Basi tukate mengine."

"Yale yalibebwa na watumwa," alisema Simba. "Haya mengine atabeba nani? Wewe?"

Fisi akautazama mgongo wake, akaona una kazi nyingine.

Palizi ilipofika, Simba alishika jembe mwenyewe. Alipalilia vibaya, anakata mahindi pamoja na magugu. Nguchiro na mama yake wakapita njiani wakamcheka mpaka wakakaa chini, na yeye akavumilia, maana watani hao. Jioni mama mzee akamwonea huruma, akaingia shambani, akamwonyesha jembe linavyoshikwa.

Hadithi imefika kwao, nami nirudi kwangu: anayetaka kufuta dhuluma asifungue mlango tu, ang'oe na nguzo.