Sabuni Chini ya Boneti

Mtu mmoja, ndugu zangu, alirithi gari la marehemu baba yake. Gari la zamani hasa, lile ambalo likipita wazee wanasimama kulitazama. Kwa nje alilisugua mpaka unajiona uso. Lakini chini ya boneti, Mungu atusaidie! Mafuta yameganda na vumbi, meusi, mazito, hujui chuma kiko wapi.

Siku ikafika ya kumwoza binti yake. Kanisa liko bondeni, na mnazijua njia zetu za milimani zinavyoteremka. Bibi harusi ashuke na gari la babu yake! Wakwe nao wakatuma neno kwamba wazee wao watataka kuiona hata injini. Hapo ndipo bwana mkubwa akakumbuka kuiosha. Asubuhi ya harusi! Msicheke, nanyi ndivyo mlivyo.

Saa mbili fundi ameinama na mafuta yake ya taa na brashi. Ibada ni saa nne. Baba wa bibi harusi yuko ndani ya suti, amesimama mbali asichafuke, anatazama saa kila dakika.

"Fundi, fanya haraka. Sugua panapoonekana tu."

"Mzee, ukianza kuutoa uchafu huu, unautoa wote," fundi akajibu, akaendelea kukwangua kwa bisibisi.

Mara fundi akaacha kukwangua. Harufu ya petroli ikamfikia yule baba pale aliposimama. Akasahau suti, akasogea. Bomba la petroli lina ufa, na petroli inadondoka tone kwa tone juu ya eksozi, lile bomba la moshi.

"Umenitobolea gari! Leo! Siku ya mwanangu!"

"Sijatoboa, mzee. Nimebandua hiki." Fundi akamwonyesha kipande cha sabuni ya kufulia, kimekauka kama mfupa. "Kuna mtu aliziba ufa kwa sabuni, uchafu ukaifunika. Ingebanduka njiani, injini ikiwa ya moto, mngeteketea wote na bibi harusi ndani. Aliyefanya hivi ni nani?"

Yule baba akaitazama sabuni. Ilikuwa na alama ya dole gumba, na katikati ya alama, mstari wa kovu. Taratibu akalificha dole lake ndani ya kiganja. Miaka mitatu nyuma gari lilianza kuvuja njiani, akabandika sabuni, akasema: nifike tu nyumbani, kesho nitalipeleka kwa fundi. Na msiniambie usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu bwana ufa aliuziba! Miaka mitatu akampakia mke, akawapakia watoto, akawapakia hata majirani kuja kanisani.

"Irudishe," akasema kwa sauti ya chini. "Leo tu."

Fundi akamwekea sabuni mkononi. "Irudishe mwenyewe, mzee."

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Bibi harusi akatoka na shela lake, mashangazi nyuma wanapiga vigelegele. Akaiona petroli chini, akamwona fundi na mikono yake myeusi.

"Baba, nani ameliharibu gari?"

Vigelegele vikakatika. Wote wakamgeukia fundi. Mngekuwa nyinyi, mngemgeukia nani? Neno moja tu lingetosha, na fundi wa watu angefukuzwa pale kama mwizi. Yeye akamtazama baba.

Baba akamsogelea binti yake. Kisha akafumbua kiganja.

"Ni mimi, mwanangu. Gari ni bovu siku nyingi, nami nilijua. Vua viatu, tutashuka kwa miguu."

Sasa tuje kwetu sisi. Neno likitukwangua, tunasema mchungaji kanisema. Mke akigusa panapouma, tunasema katumwa na mama yake. Tunamlaumu anayesafisha, na alama za vidole ni zetu! Ule ulevi ulioufunika kwa sadaka nono, ile chuki unayoifunika kwa kuimba kwaya, ulisema utaishughulikia kesho. Kesho ya mwaka gani? Na bado unaendesha. Usinitazame mimi, ndugu yangu. Wamo watu ndani ya gari lako, mkeo yumo, watoto wamo, na hawajui. Washushe kwanza, ndipo tuombe.